MJADALA: Mpiga picha wa habari analidhalilisha taifa, au taifa limejidhalilisha lenyewe?

Wakuu, hebu tulijadili hili bila kurukana. Juzi katika mazungumzo mwenzetu mmoja alisema kwamba mpiga picha anayeonyesha mabaya ya nchi yake anaianika uchi mbele ya wageni, hivyo serikali ina haki ya kumzuia. Sikubaliani naye hata kidogo, na nitamjibu kwa kisa cha Belarusi, nchi ya Ulaya Mashariki, kwa sababu kule hoja hiyohiyo ilifikishwa mahakamani na ikashinda.

Yulia Darashkevich alikuwa mpiga picha wa Nasha Niva, gazeti huru la Minsk, mji mkuu wa nchi hiyo. Novemba 2012 yeye na wenzake walikuwa wanarudi nyumbani wakitokea Lithuania. Mpakani watu wa forodha wakapekua gari, wakakuta nakala 41 za albamu ya Belarus Press Photo 2011, kitabu cha picha bora kutoka shindano la wapiga picha wa habari wa nchi hiyo. Hapakuwa na silaha wala dawa za kulevya. Ni vitabu tu, na vikazuiwa.

KGB (kule idara ya usalama bado inaitwa hivyo) ikapeleka shauri mahakamani. Wataalamu wakaandika kwamba picha zile zinapotosha maisha ya Belarusi na kudhalilisha utu na heshima ya raia wake. Tarehe 18 Aprili 2013 mahakama ya mji wa Ashmyany ikaitangaza albamu nzima kuwa ya itikadi kali. Haikuishia hapo: mwaka huohuo mchapishaji, Lohvinau, akanyang'anywa leseni.

Sasa namuuliza mwenzetu: picha ikionyesha kirungu cha polisi kikishuka mgongoni mwa raia, aliyemdhalilisha raia yule ni aliyeshika kirungu au aliyeshika kamera? Mpiga picha hakumwita polisi. Amemkuta pale.

Na Darashkevich hakuwa mgeni wa misukosuko. Miezi michache kabla, tarehe 4 Julai 2012, ndege ndogo ya Waswidi iliingia anga ya Belarusi na kumwaga mamia ya vidubu vya kuchezea, kila kimoja na mwavuli wake mdogo na ujumbe wa kudai uhuru wa kusema. Serikali ikakana kwamba ndege yoyote ilipita. Mwanafunzi wa uandishi wa habari, Anton Suriapin, akaweka picha za vidubu hivyo kwenye tovuti yake. Akakamatwa na kukaa mahabusu zaidi ya mwezi, akituhumiwa kusaidia watu kuvuka mpaka kinyume cha sheria! Kosa lake ni kuonyesha kitu ambacho wakubwa walisema hakipo. Baadaye Rais Lukashenko mwenyewe aliwafukuza kazi mkuu wa ulinzi wa mipaka na mkuu wa ulinzi wa anga, kwa maana nyingine picha zilikuwa za kweli. Agosti Darashkevich na mwenzake mmoja wakajipiga picha wakiwa na vidubu kumtetea kijana huyo. Wakakamatwa, wakapigwa faini.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo inaniumiza kichwa, na sitaki kuiruka. Baada ya maandamano ya 2020 ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa rais kulekule Belarusi, picha na video zilitumika kuwatambua walioandamana, wengine wakafuatwa hadi majumbani. Sura iliyoonekana gazetini mchana inaweza kumfikisha mtu gerezani. Hapo mpiga picha ana jukumu zito: ajue nani amekubali kuonekana na nani hakukubali, na akiwa na shaka apige kutoka mgongoni. Bibi Nina Bahinskaya, aliyekuwa na miaka zaidi ya 70, alitembea na bendera yake nyeupe na nyekundu, ile ya wapinzani, uso wazi, na polisi walipomsimamisha akawajibu kwamba anatembea tu. Yule alitaka aonekane. Kijana aliyekuwa nyuma yake, ambaye kesho anarudi kazini kiwandani, huenda hakutaka.

Lakini kumlinda huyo kijana ni kazi ya mpiga picha na mhariri wake. Mwenye kirungu hawezi kugeuka kuwa mlinzi wa heshima ya aliyempiga.

Kwa hiyo wanaounga mkono zuio, naomba mnijibu hili kwanza: katika nakala zile 41, nani hasa aliyedhalilishwa, na kwa nini hakuitwa mahakamani kusema hivyo kwa kinywa chake?