Aliyekula hela ya kodi anatamba mtaani, madalali wanagonga mlango wangu

Wakuu, salaam. Niko England, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na leo naliweka hili hadharani kwa sababu nimechoka kuambiwa ninyamaze. Nadaiwa kodi ya halmashauri (council tax) ya nyumba niliyohama zamani. Sikuwa na wajibu wa kuilipa kisheria, na bado sehemu yangu niliitoa mkononi mwa mtu aliyesema anaipeleka. Hela hakuipeleka. Sasa yeye hatafutwi, natafutwa mimi.

Kwa mlioko nyumbani, huku kila nyumba ina kodi ya halmashauri, na kwa kawaida anayedaiwa ni anayeishi humo, si mwenye nyumba. (Najua na nyie wapangaji LUKU inawakata kodi ya jengo la mtu, kwa hiyo uchungu wa aina hii hauwapigi chenga.) Nyumba zimepangwa madaraja A hadi H kwa thamani zilizokuwa nazo Aprili 1991, na mpaka leo hazijapimwa upya. Bili ni ya mwaka, kwa kawaida unailipa kwa awamu kumi kuanzia Aprili. Si hela ya kununulia vocha. Mwaka wa kodi 2023/24 wastani wa daraja D kwa England ulikuwa paundi 2,065. Ya kwetu ilikuwa daraja A, la chini kabisa, na bado ilikuwa inakaribia paundi 1,400 kwa mwaka.

Nyumba ile tulikaa watu watatu kwa mkataba mmoja. Mimi niliingia Januari 2023 kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Alikuwepo dada wa Kenya, naye mwanafunzi. Na alikuwepo kaka mmoja Mtanzania mwenzetu, mkubwa kwetu wote kwa umri, anafanya kazi ghalani, ameshakaa huku miaka. Yeye ndiye aliyetupokea, akatuonyesha duka la unga na namna ya kupanda basi, akasema bili zote ziwe kwake maana anazijua. Kila mwisho wa mwezi tunamtumia gesi, umeme, intaneti na "ya halmashauri", paundi 40 kila mmoja. Ninazo jumbe zake zote. "Nimepokea mdogo wangu, ya halmashauri naingiza kesho." Na kwenye taarifa yangu ya benki kila muamala nimeuandika ni wa nini.

Februari na Machi alilipa. Kuanzia Aprili 2023 mpaka tulipotoka wote mwishoni mwa Januari 2024, miezi kumi mizima, hakuingiza hata senti.

Hapa ndipo damu inaponichemka. Mwanafunzi wa muda wote haingizwi kwenye hesabu ya kodi hii. Tangu 2004 sheria ya England iko wazi kwamba kwenye nyumba ya mchanganyiko, wanafunzi na mfanyakazi, wanafunzi hawabebi deni pamoja na yule asiye mwanafunzi. Analibeba yeye. Tena, kwa kuwa sisi wawili hatuhesabiwi, nyumba inachukuliwa kama ina mtu mzima mmoja tu, na anapewa punguzo la asilimia 25. Kwa hiyo kaka huyu alikuwa na haki ya kupunguziwa robo ya bili, angejaza fomu tu. Hakujaza. Alituacha na majina yetu kwenye bili kama wadaiwa, akachukua kwa wasichana wawili wa chuo hela ambazo sheria haikututaka tuzitoe, akaziweka mfukoni. Mimi wakati ule nilikuwa nakula mkate na maharage ya kopo ili ada itimie.

Baada ya chuo nikapata kazi mji mwingine, nikahama. Nikakaa kwa amani kabisa mpaka bahasha ya kwanza ilipofika, na haikutoka hata halmashauri. Ilitoka kwa madalali wa mahakama. Inasema kuna amri ya mahakama dhidi yangu, deni paundi 1,150, gharama za mahakama 90, na yao 75 kwa kuandika ile barua tu. Mahakama ipi? Lini? Wito waliupeleka nyumba ya zamani, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyebaki. Mahakama huku inapitisha amri hizi kwa mafungu, mamia kwa kikao kimoja, na usipotokea jina lako linapita tu na mengine. Cha ajabu, siku ya kunipa nafasi ya kujitetea anwani yangu mpya haikujulikana. Siku ya kunidai ikajulikana mpaka namba ya mlango.

Nikapiga simu halmashauri. Muziki, muziki, muziki, halafu binti mmoja ananiambia suala liko kwa madalali, niongee nao. Madalali wanasema wao wanatekeleza amri tu, niongee na halmashauri. Nikatuma barua ya chuo yenye muhuri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Jibu lililokuja ni la mashine. Nikatuma tena na taarifa ya benki na zile jumbe. Safari hii akajibu binadamu, na nawatafsirieni kama alivyoandika: jina lako lipo kwenye mkataba, wapangaji wa pamoja wanadaiwa kwa pamoja na kila mmoja kwa deni lote, malipo baina yenu ni suala lenu binafsi. Kuhusu uanafunzi wangu hakugusa hata neno moja. Barua ya chuo anayo, kaisoma au hakuisoma, mimi sijui.

Wengi hamjui hicho kifungu cha "kwa pamoja na kila mmoja" kinafanya nini. Halmashauri haina haja ya kumdai kila mtu fungu lake. Inamshika mmoja yeyote, inamdai yote, halafu huyo ndiye akahangaike na wenzake. Na wanamshika nani? Dada wa Kenya yuko Nakuru, hawamgusi. Kaka anaishi kwa mtu, hakuna bili yenye jina lake, simu anabadilisha. Mimi nina mwajiri, nina slipu ya mshahara, nimejiandikisha kupiga kura, kodi ya nyumba ninayokaa sasa nalipa kila mwezi bila kukosa. Wakiwa na amri ile wanaweza kumwagiza mwajiri anikate kabla mshahara haujanifikia. Kwa hiyo unyoofu wangu ndio ulionifanya nipatikane. Hawakuniandama kwa sababu nina kosa, wameniandama kwa sababu nina anwani.

Juzi dalali mwenyewe akaja. Nimetoka zamu ya usiku, sare iko mwilini, hata chai sijachemsha. Jamaa ana kamera kifuani na tableti mkononi, anagonga mlango kwa kiganja cha mkono na kuita jina langu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Nikaongea naye kwa dirisha la juu. Nikamwambia nilikuwa mwanafunzi, nina barua. Akasema hilo si lake. Akalizunguka gari langu taratibu, kikorsa cha zamani, akainama kuangalia ndani ya kioo, akapiga picha namba ya usajili. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na glovu na aproni zangu za kazi, akazipiga picha nazo. Kisha akaniambia nisipolipa leo atarudi na fundi wa kufuli. Kwa kule kuja tu wameongeza paundi 235. Deni sasa limefika 1,550.

Huyu mtu alinidanganya, na nataka kila Mswahili aliyeko England alijue hili. Kwa deni la kodi ya halmashauri, dalali ambaye hujawahi kumfungulia hana ruhusa ya kuvunja wala kulazimisha mlango. Anaruhusiwa kuja kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa tatu usiku, na lazima awe amekupa taarifa ya siku saba kamili kabla. Hapiti dirishani. Vitu vya mtu mwingine hachukui. Vitendea kazi vyako visivyozidi thamani ya paundi 1,350 hagusi, na gari langu kwa bei yoyote utakayoniambia halifiki hapo, na bila hilo gari simfikii bibi ninayemwamsha na kumpa dawa kila siku saa moja asubuhi. Lakini gari likiwa nje anaweza kulifunga mnyororo kwanza, maswali baadaye. Kwa hiyo sasa nalilaza mtaa wa mbali na kurudi kwa miguu usiku, mimi mwanamke peke yangu, kwa ajili ya hela aliyokula mwanaume mzima.

Yeye mwenyewe nilimpata mara moja kwenye simu. "Mdogo wangu, mimi na wale tulishamalizana, wanakuchanganya tu." Nikamwambia nitumie basi risiti. Akasema yuko kazini. Kutoka hapo picha yake ikapotea na ujumbe haufiki. Lakini kwenye sherehe za Watanzania anaonekana, anatunza wasanii, anashika maiki kuhimiza umoja wa jumuiya.

Na hao wazee wa jumuiya ndio wameniudhi zaidi. Nimepigiwa simu na watu wazima ninaowaheshimu. Shikamoo, marahaba, habari za kazi, halafu: "Mwanangu, ni ndugu yetu, usimwanike. Lipa kwanza yaishe, tutamkalisha chini." Mtamkalisha lini? Mbona hamkumkalisha alipokuwa anakusanya? Mimi sina tatizo na kumsitiri mtu aliyekwama. Angetuambia "wadogo zangu, nimekwama mwezi huu," tungebanana. Lakini huyu kila mwezi alikuwa anaandika "nimepokea". Jina lake sitaliweka humu, msinisumbue PM. Ila msinitake nilipe ili sifa yake ibaki safi.

Halafu kuna wanaosema lipa uepuke jela. Ni kweli England bado wana sheria ya kumfunga mtu hadi miezi mitatu kwa kodi hii, Wales waliifuta 2019. Lakini mahakama inapaswa ijiridhishe kwanza kwamba umekataa kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, na baada ya kupima uwezo wako. Mimi sijakataa kulipa deni langu. Nakataa kulipa la mwingine. Hata zile paundi 90 za mahakama nataka nionyeshwe hesabu yake. Mchungaji Paul Nicolson alikwenda mahakama kuu kupinga gharama za paundi 125 za halmashauri ya Haringey, London, na 2015 akashinda, kwa sababu hakimu alizipitisha bila kuelezwa zimepatikanaje. Mzee yule alipigana kwa ajili ya watu maskini wasiomjua. Mungu amrehemu.

Nimekwenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, na mama aliyenisikiliza pale ndiye mtu wa kwanza kusoma karatasi zangu zote. Mpango ni huu. Nimeiandikia halmashauri rasmi kwamba napinga kuwa mdaiwa, si kwamba naomba huruma. Wana miezi miwili ya kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, naenda Baraza la Ukadiriaji (Valuation Tribunal), ambalo ndilo lenye kazi ya kuamua nani anadaiwa, na kulifikia hakuna ada. Nimewataka pia warudi mahakamani wenyewe kuiomba amri ifutwe, maana sheria ya 2003 inawapa njia hiyo pale amri ilipotolewa isivyopaswa. Na nimewataka wawarudishe madalali nyuma wakati suala linaangaliwa. Mpaka ninapoandika hapa hilo la mwisho hawajalijibu, na gari bado nalilaza mbali.

Wanafunzi mnaokuja Septemba na Januari, nawaombeni. Ombeni chuo barua ya uthibitisho wiki ya kwanza na muitume halmashauri kwa jina lako mwenyewe, usimpe mtu akupelekee. Ulizeni mkataba ni wa nyumba nzima au wa chumba, maana nyumba iliyokodishwa chumba chumba kwa kawaida kodi ni ya mwenye nyumba. Siku ya kuhama waandikie tarehe na unakokwenda, na utunze jibu lao.

Sasa naomba majibu ya watu waliopitia, si nasaha za kulipa yaishe. Kuna aliyefika Baraza la Ukadiriaji kwa suala la mwanafunzi kwenye mkataba wa pamoja? Walitaka vielelezo gani zaidi ya barua ya chuo? Je, dada wa Nakuru anaweza kutoa maelezo yake kwa maandishi au watataka aape mbele ya wakili huko Kenya? Na aliyewahi kumdai mwenzake hela za bili kwenye mahakama ya madai madogo akiwa na jumbe za WhatsApp na taarifa ya benki tu, aniambie ilimchukua muda gani, kwa sababu nikimaliza na halmashauri huyu kaka ndiye anayefuata.