Pirates of the Caribbean ya kwanza: nani alikuwa na laana na nani hakuwa nayo? Naomba kueleweshwa

Kijana_wa_Kirumba:
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Jana usiku kwenye banda la huku mtaani kwetu Kirumba wameweka Pirates of the Caribbean ile ya kwanza kabisa ya 2003, yenye Johnny Depp, iliyotafsiriwa. Sasa shida ni kwamba mtafsiri nusu ya muvi alikuwa anapiga stori zake za pombe na mademu wakati watu kwenye skrini wanaongea mambo ya msingi, halafu banda limejaa, kila mapanga yakigongana watu wanashangilia kama kuna goli limefungwa, kwaiyo nimetoka pale nimefurahi kweli ila kichwani maswali matupu.

Naomba kuuliza. Wale maharamia wa Barbossa wana dhahabu kasha zima, wanamteka yule binti wanamkata kiganja, halafu kumbe lengo lao ni KUIRUDISHA dhahabu? Haramia gani anarudisha mali bhana? Halafu binti kamchoma Barbossa kisu kifuani wakiwa mezani, jamaa kakichomoa anakiangalia tu, mwishoni risasi moja chali. Na Jack, yule wa Johnny Depp, ndo kaniacha hoi kabisa, kachomwa upanga banda zima tukasema stelingi kaisha, mara anarudi nyuma hatua mbili kwenye mbalamwezi naye ni mifupa. Tangu lini? Kama alikuwa na laana muda wote mbona alikuwa analewa kama kawaida?

Mwenye kuelewa anieleweshe, msinitukane tafadhali.

Dada_wa_Nyegezi:
Hahaa pole mdogo wangu, mabanda hayo tunayajua. Ile muvi nimeirudia sana naomba nijaribu.

Kila kitu kipo kwenye ile dhahabu. Ni vipande 882 vya dhahabu ya Waazteki, wenyeji wa Mexico wa zamani, kwenye stori wanasema Cortés, yule Mhispania aliyewavamia, aliletewa kwenye kasha la jiwe ili aache kuua watu, akapokea na hakuacha, miungu yao ikakasirika ikailaani. Ukitoa hata kipande kimoja kwenye lile kasha basi hufi, lakini pia huishi. Barbossa na wenzake walimpindua Jack aliyekuwa kapteni wao, wakamtelekeza kisiwani, wakaenda kuichukua yote wakaitapanya. Ndo wakagundua chakula kinageuka majivu mdomoni, kinywaji hakikati kiu, upepo hawausikii kwenye ngozi. Miaka kumi hiyo. Kwaiyo sio kwamba wamekuwa watu wema wanarudisha mali, wana njaa! Angalia Barbossa anavyotembea na yale matufaa ya kijani, ana kikapu kizima na hawezi kusikia utamu hata wa moja. Pale mezani anamkazania binti ale, macho yake yote yapo kwenye mdomo wa yule binti. Mtafsiri akiongea juu ya pale kakuibia nusu ya muvi.

Masharti ya kuiondoa laana ni mawili: vipande vyote virudi, na kila aliyechukua alipe damu. Mmoja wao, Bootstrap Bill, aliona walichomfanyia Jack sio haki, akamtumia mtoto wake kipande kimoja makusudi ili wenzake wabaki na laana. Barbossa kwa hasira akamfunga mzinga akamtupa baharini, kuja kujua wanahitaji damu yake pia ni too late, ikabidi watafute damu ya mtoto. Mtoto ndo Will Turner yule mhunzi. Elizabeth, yule binti, alikuwa amekichukua kile kipande shingoni kwa Will wakiwa wadogo, na alipotekwa akadanganya anaitwa Turner, ndo maana wakamkata yeye na haikufanya kazi.

Jack sasa. Muda wote hakuwa na laana, pombe alikuwa anailewa kihalali. Kule pangoni mwishoni anambembeleza Barbossa asiwahi kuondoa laana, kwamba awatume kwanza vijana wake wakamalize wanajeshi kwenye meli wakiwa bado hawafi. Anaongea huku mkono unachezea dhahabu kwenye kasha, anachukua vipande anavidondosha, kimoja hakirudi. Rudia pale taratibu uangalie VIDOLE vyake usiangalie mdomo. Ndo maana kwenye mbalamwezi naye mifupa. Halafu anajikata kiganja anamrushia Will kile kipande, anampiga Barbossa risasi, Will naye anajikata anadondosha vyote viwili. Laana imeisha risasi ikiwa tayari ipo kifuani. Barbossa anasema anasikia baridi, anaanguka, tufaa linabiringika kutoka mkononi.

Fundi_Injini_Igombe:
Dada umeeleza mpaka basi. Mimi nina moja tu linanikera tangu 2003. Pale Jack na Will wanapotembea chini ya maji wamejifunika boti kichwani kama kofia wanapumulia hewa ya ndani. Wakuu mimi nimekulia kwenye maji, mtumbwi uliojaa hewa ukiupindua huwezi kuuzamisha hata mkiwa kumi. Hewa lita 500 tu humo ndani inasukuma juu kwa nguvu ya kilo 500, nyie wawili mkijumlishwa na viatu hamfiki 200, na ndani ya maji mnakuwa wepesi zaidi. Ungewanyanyua mpaka juu kama boya.

Mtoto_wa_Nansio:
Mzee muvi ina mifupa inatembea na kupigana panga wewe unadai fizikia 😂😂

Fundi_Injini_Igombe:
Mifupa nimeikubali kwasababu nimeambiwa ina laana. Boti hawajaniambia kama nalo lina laana.

Mtoto_wa_Nansio:
Hapo sina la kusema mzee shikamoo. Ila mimi naona uzuri wa ile ya kwanza ndo huo huo unaousema, ukishaambiwa masharti ya laana basi muvi nzima unaweza kupiga hesabu mwenyewe, nani kakatwa, kipande kipo kwa nani, sasa hivi mwezi umetoka au umeingia kwenye wingu. Ile vita ya usiku kwenye meli watu wanageuka mifupa wakipita kwenye mwanga na kurudi kuwa nyama wakiingia kivulini, na hakuna anayekuelezea chochote maana ushaelewa. Halafu nikawa nacheka peke yangu, sisi kwetu wavuvi wa dagaa nao mbalamwezi ikiwa kali hawaingii kazini, dagaa hawafuati taa, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu mpaka giza lirudi. Barbossa angefaa sana kuwa kapteni wa karabai Ukerewe.

Pamoja na hayo mimi kura yangu naipa ya pili, ya 2006. Davy Jones yule mwenye ndevu za pweza, ile sio sura ya kuvaa, aliyeigiza ni Bill Nighy alivalishwa nguo za kijivu zenye alama na kompyuta ndo ikamjengea uso wote, na macho yale yanaonyesha huzuni mpaka unamuonea huruma. Walipata Oscar ya madoido ya picha kwa kazi ile. Bibi yangu mzaa mama Mhaya, nilimwonyesha kipande akasema huyo ni Mugasha kaja na sura nyingine, yaani yule bwana wa ziwa na dhoruba wa kwao. Akaniambia nizime.

Dada_wa_Nyegezi:
Bibi yupo sahihi 😂 Lakini ya pili masharti yamekuwa mengi bhana, kuna deni la roho, kuna alama nyeusi ya kiganjani, kuna moyo kwenye kasha, kuna funguo, kuna dira, ukienda chooni ukirudi umepotea. Ya kwanza kasha moja, dhahabu moja, damu moja.

Mwalimu_Mstaafu_Bwiru:
Vijana nimesoma nikacheka, acha niongeze kidogo ya historia maana nimeona mtu anauliza haramia gani anarudisha mali.

Port Royal kule Jamaica mnayoiona kwenye filamu ni mji wa kweli, ulikuwa makao makuu ya maharamia na biashara zao, na tetemeko la 1692 lilizamisha sehemu kubwa ya mji baharini. Tortuga nayo ipo, kaskazini mwa Haiti. Cortés ni mtu wa kweli, aliingia Mexico 1519 na 1521 mji mkuu wa Waazteki ukaanguka, ila habari ya kasha na laana wamebuni. Kuzika dhahabu kisiwani pia haikuwa desturi, maharamia wengi walitumia hela kwenye baa mpaka ikaisha.

Lakini kile kitu kinachoitwa Kanuni kwenye filamu, ambacho Barbossa anakipuuza kila kikimbana, hicho kilikuwepo kweli. Kabla ya kung'oa nanga walikubaliana masharti kwa maandishi. Masharti ya Bartholomew Roberts, haramia wa karne ya 18, yamehifadhiwa mpaka leo: kila mtu ana kura kwenye mambo ya chombo, kapteni na msaidizi wake wanapata mafungu mawili mawili, na ukikatika kiungo kazini unalipwa fidia kutoka mfuko wa wote. Kapteni mlimchagua na mngeweza kumtoa. Kwaiyo Jack kupinduliwa sio ajabu, kosa lao ni kumtelekeza bila kumpa fungu lake wakati alishawaambia kisiwa kilipo kwa kigezo kwamba mgawanyo ni sawa kwa sawa. Yupo kwenye haki yake akidai.

Fundi_Injini_Igombe:
Mwalimu shikamoo. Hilo la fidia mngewaambia matajiri wa mitumbwi wa huku. Tukitoka ziwani inatolewa petroli, inatolewa chakula, tajiri anachukua chake ndo wavuvi wagawane kilichobaki, ukikatwa kidole na kamba ni pole na panadol.

Na niseme kitu kingine, watu mnawashangilia maharamia kwenye skrini ila hawa wa ziwani kwetu hakuna anayewashangilia. Wanakuja usiku na boti yenye injini kubwa, wanakuzimisha taa, wanafungua injini yako, wanachukua nyavu na samaki wanakuacha unaelea, na kasia wakiamua wanachukua. Mwenzangu mmoja waliacha mtumbwi mtupu akapiga kasia kwa ubao wa kukalia mpaka asubuhi. Hakuna aliyechekesha kama Jack Sparrow hapo.

Mwalimu_Mstaafu_Bwiru:
Marahaba. Pole sana kwa mwenzio. Hata wale wa karne ya 18 waliokutana nao hawakucheka mwanangu.

Kijana_wa_Kirumba:
Asanteni sana wakuu, dada wa Nyegezi ubarikiwe, nimeitafuta isiyotafsiriwa nikarudia pale pangoni, ni kweli vidole vinaonekana kabisa, anavimwaga na kimoja kinabaki. Sasa nimepata hamu ya kuendelea, je niangalie zote tano au kuna za kuruka? Na kale kanyani ka Barbossa kaliishia wapi, maana banda walizima maandishi yalipoanza.

Dada_wa_Nyegezi:
Ndo maana hujaona! Usizime, baada ya maandishi kanyani kanarudi pangoni peke yake kanachukua kipande, kanageuka mifupa tena na kuruka kwenye kamera.

Ya pili na ya tatu ziangalie kwa kufuatana kabisa, walizirekodi pamoja na ya pili inakatikia katikati ya stori, usije ukaiangalia ukalala nayo. Ya tatu ni ndefu karibu masaa matatu, tafuta jumapili. Ya nne, ile ya 2011, Will na Elizabeth hawamo, kuna haramia Blackbeard na nguva, mimi niliiangalia nikiwa napiga pasi na sikukosa kitu. Ya tano angalia kama una bando la kuchezea.

Mtoto_wa_Nansio:
Nguva wa ya nne usimruke bhana, ile sehemu ya usiku kwenye boti wanapoanza kuimba ni kali sana. Baada ya hapo unaweza kuzima.

Fundi_Injini_Igombe:
Kwenye hiyo ya nne kuna mtu anajifunika boti?