Naomba ushauri: kuhamia Mbeya au Iringa kwa kazi ya mtandaoni

Habari zenu wakuu. Kazi ni ya mikutano ya video, saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku, kwa hiyo umeme na intaneti ndivyo vitakavyochagua nyumba. Mbeya nawaza Forest au Uyole; Iringa ni Gangilonga au Wilolesi.

Laptop inakula wati 60, ruta 12. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ikitumika nusu tu ili isife mapema, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta, inabeba saa 7 hivi. Je, msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, umeme hukatika kwa zaidi ya saa hizo 7?

Faiba imefika mitaa ipi hasa? Tafadhali tajeni mtaa, maana "mjini ipo" haitoshi: nyumba ikiwa mbali na boksi la kugawia, haiungwi. Na kwa laini ya simu, kilima kimoja kikikaa kati ya nyumba na mnara, mawimbi yanaweza kudhoofika au kukatika. Kabla ya kulipa kodi ya miezi 6 nitapima kasi ya kupakia saa 1 usiku, ndani ya chumba chenyewe.

Luku ya kujitegemea inapatikana kirahisi?