Mafuriko Dar: tuwe na mamlaka moja ya maji ya mvua, au tuwabane hawahawa tulionao?

Wadau salaam. Masika ikikolea stori ni ileile, Jangwani inafungwa, mwendokasi zinageuzia njiani, watu wa Boko na Basihaya wanalala na maji sebuleni, halafu kesho yake redioni anapigiwa simu injinia mmoja anasema lile eneo siyo letu, anapigiwa wa pili naye anasema siyo letu. Leo naomba tujadili hiyo "siyo letu", kwa sababu kwenye takataka na kujenga bondeni tumeshagombana sana na hatujafika popote.

Chukua mtaa wowote wa kawaida. Barabara kubwa ni ya TANROADS. Kata kona ingia ya ndani, hiyo ni ya TARURA tangu 2017, kabla ya hapo ilikuwa ya manispaa. Taka zilizojaa mtaroni ni za halmashauri na mkandarasi wake. Bomba la majitaka linalopita pembeni ni la DAWASA. Mtaro ukimwaga mtoni, mto una Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu ambayo makao yake yako Morogoro huko. Zile mita 60 za kando ya mto zinalindwa na sheria ya mazingira ya 2004 kwa hiyo hapo anaingia NEMC, wale wa baraza la mazingira. Kiwanja kimepimwa na watu wa ardhi, kibali cha ujenzi kimetoka halmashauri, na kama reli inakatiza hapo ongeza na TRC. Maji yanashuka tu, hayajui yametoka kwa nani yanaingia kwa nani.

Kitu ambacho naona hatukisemi ni kwamba mitaro yetu mingi hapa Dar ni mitaro ya barabara, siyo mitaro ya maji. Imejengwa na watu wa barabara kwa hela ya barabara na kazi yake ni kulinda lami isioze. Mfuko wa Barabara unagawanywa 70 kwa TANROADS na 30 kwa TARURA, na hiyo 30 ndo inahangaika na barabara za mijini na vijijini nchi nzima. Sasa injinia akishayatoa maji kwenye lami yake, akayapitisha kwenye kalvati yakatokea upande wa pili, kazi yake imeisha na kwa kweli hajakosea, ndivyo alivyoajiriwa. Upande wa pili ni uwanja wa shule, au korongo lililoshajengwa fremu za maduka, au uzio wa mtu mwenye hati. Pale penye barabara maji yana mwenyewe, pasipo na barabara ni ya Mungu.

Halafu 2021 Jiji la Dar es Salaam likavunjwa, Ilala ikapewa hadhi ya jiji, tukabaki na halmashauri tano kila moja na mkurugenzi wake na bajeti yake. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu huko unakuja kumwaga baharini pale daraja la Salenda, na pale Jangwani uko Ilala, ukivuka ukafika Magomeni uko Kinondoni. Nani anakaa mezani kuuangalia mto mzima kuanzia juu hadi baharini?

Najua mtasema kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia dola milioni 200 na Hispania na Uholanzi wameongeza chao. Sawa, na DMDP ya kwanza, ule mradi wa kuendeleza jiji, ilijenga mitaro ya maana kama ule wa Mto Ng'ombe na watu wa Sinza na Mwananyamala wameona tofauti. Ila mradi unajenga. Mradi ukifunga ofisi nani anazibua ule mtaro kila mwaka kabla ya mvua, na kwa hela ya nani?

Pendekezo langu: mamlaka moja ya maji ya mvua ya mkoa mzima, mipaka yake ifuate mabonde siyo kata, iwe na fungu lake la kuzibua na kukarabati, na kibali cha ujenzi kisitoke bila saini yake. Karibuni mnipinge.

mkazi_tabata:
Mkuu umesema ukweli mtupu. Huku kwetu palichimbwa mtaa mzima kupitisha bomba, udongo ukarundikwa ukingoni mwa mtaro, waliochimba wakasepa. Mvua ya kwanza udongo wote ndani ya mtaro. Tukaenda ofisi moja wakatuambia nendeni kwa waliochimba, waliochimba wanasema wao wameshakabidhi kazi, mwenyekiti wa mtaa akabaki anatuita kwenye usafi wa Jumamosi na majembe yetu, tukatoa udongo tukauweka pembeni hapohapo maana hakuna gari la kuubeba, mvua ya pili ukarudi ulikotoka. Na usisahau wale wanaosubiri mvua wafungulie vyoo. Nimeshaona jirani anatapisha mchana kweupe, anakuambia maji yatapeleka. Yanapeleka kwangu!

bwana_lami:
Mimi niko kwenye hizi kazi miaka mingi, nitasema kidogo ila bila kutaja ofisi. Ndugu mleta mada uchambuzi wako wa mitaro ya barabara uko sahihi, dawa yako ndo siiafiki. Umehesabu taasisi saba nane halafu unataka kuongeza ya tisa. Siku ya mafuriko atapigiwa simu huyo wa tisa, naye atasema kalvati ile ni ya TANROADS.

Kingine, tunaongea kama mtaro ukizibuliwa maji yanaisha. Mtaro unapigiwa hesabu ya mvua fulani na eneo fulani la kuleta maji. Eneo lile wakati linapigiwa hesabu lilikuwa na michungwa na migomba, leo ni paa za bati na paving hadi getini, tone halizami ardhini, lote linakimbilia mtaroni kwa wakati mmoja. Pale Salenda ongeza na bahari, kukiwa na maji kujaa na mvua juu mto hauna pa kwenda. Hapo hata ukiwa na mamlaka kumi. Sheria ya kibali ipo, ya mita 60 ipo, wa kuisimamia ndo anapigiwa simu na mkubwa.

mzee_wa_magomeni:
Vijana hamkumbuki. 1996 serikali ililivunja Jiji ikaweka Tume ya Jiji chini ya Keenja, ikakaa hadi 2000. Kwenye taka na mitaro tuliona kazi, kwa sababu amri ilikuwa inatoka sehemu moja. Tatizo hatukuwa na diwani wa kumuuliza, ukibomolewa kibanda umebomolewa. Baada ya hapo zikaja manispaa tatu, baadaye tano. Kwa hiyo hili la mamlaka moja tulishalionja wajukuu zangu, mimi ningelitaka ila na madiwani wakae ndani yake.

wa_bondeni:
Hamjambo. Mkisema mamlaka sisi huku tunasikia tingatinga. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu walipelekwa Mabwepande wakapewa viwanja. Kizuri. Ila mtu anauza samaki Feri au anabeba mzigo Kariakoo, Mabwepande nauli tu inammaliza, wengine wakarudi. Ikaja tena kuelekea 2016 ile ya X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa. Kwa hiyo sisi hiyo saini mnayoitaka kwenye kibali haituhusu, hatujawahi kuwa na kibali. Na msituongelee kama sisi tu ndo tumeziba maji, kule Mikocheni na Msasani kwenye Bonde la Mpunga kuna maghorofa na hati, jina lenyewe linawaambia palikuwa pa nini. Mbona kule X haziandikwi kwa wingi?

taka_kwanza:
Mnazunguka sana. Chupa za plastiki na pampasi. Toa hizo nusu ya mafuriko hakuna.

mkazi_tabata:
@taka_kwanza gari la taka likipita mara moja kwa mwezi hizo pampasi nikae nazo chumbani?

jirani_nairobi:
Habari zenu Watanzania, niko hapa Nairobi. Sisi tuko na KeNHA na KURA, hizo ni mamlaka za barabara za serikali kuu, na kaunti, kila mtu na barabara yake, hiyo hadithi ya "siyo yetu" tunaijua. 2020 walitoa kazi kadhaa za kaunti wakapeana kwa NMS, ofisi ya serikali kuu ya kuendesha huduma za Nairobi, chini ya jenerali, na kazi zingine zilionekana kweli. Lakini 2022 ikaisha, mambo yakarudi kaunti. 2024 Mathare maji yakabeba watu, halafu serikali ikaleta matingatinga kubomolea hao hao waliofurikiwa kwa sababu wako karibu na mto. Kama mnaunda kitu, kiundeni kwa sheria, kisikuwe cha mtu. Cha mtu kinaenda na mtu.

Mleta mada:
Asanteni. @bwana_lami, sitaki jengo jipya na V8 mpya. Hata leo ipewe TARURA ya mkoa, mimi sina shida, ila maji yaandikwe kwa jina kwenye majukumu yake na yawe na fungu lake, isiwe senti iliyobaki baada ya viraka vya lami. Na ramani isiwe kisingizio, kuanzia 2015 vijana wa Ramani Huria walitembea kata kwa kata na wananchi wakachora mitaro na sehemu zinazofurika. Mtaro ukiziba unajulikana uko wapi, kinachokosekana ni nani analala na simu yake wazi.

@wa_bondeni nimekuelewa na hapo nakubaliana na mzee, bila madiwani na wenyeviti wa mitaa ndani yake itakuwa mashine ya kubomoa tu. Saini ianze na wale wenye hati na maghorofa, kwao ndo kuna kibali cha kuzuia.

bwana_lami:
Haya, tuseme imepita. Hela ya kuzibua kila mwaka inatoka wapi? Mkopo haulipi vibarua wa kuzibua.

Mleta mada:
Kodi ya majengo. Tangu 2021 tunakatwa kwenye umeme wa LUKU kila mwezi, nyumba yenye paa inayomwaga maji mtaani ndo hiyohiyo inayokatwa. Sehemu ya ile hela irudi kwenye mtaro wa bonde ilikokatwa, siyo ipande juu iishie huko.

mzee_wa_magomeni:
Irudi? Wewe umeshaona hela iliyopanda ikashuka?

mkazi_tabata:
Bora umeuliza wewe mzee. Ila mkuu ukija kusema sasa iongezwe tozo ya mvua, mimi nahamia upande wa bwana lami.