Naombeni ushauri: wanachuo tunataka kumjengea upya nyumba bibi wa Buchosa, hela ni ndogo na kamati imegawanyika

Katibu wa Nyegezi

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni.

Ni mwanachuo hapa Mwanza, katibu wa kikundi chetu cha kujitolea. Likizo ndefu ikianza Julai tumepanga kwenda kijiji kimoja cha Buchosa, kando ya Ziwa Victoria, kumjengea upya nyumba bibi mmoja ambaye ukuta wake uliangushwa na mvua za masika. Anaishi na wajukuu watatu. Mwenzetu mmoja anatoka kijiji hicho, ndiye aliyetuletea habari, na mimi na mwenyekiti tumeshakwenda kuona kwa macho.

Nyumba ni ya tofali mbichi na msingi hauna jiwe hata moja. Maji ya paa yamekuwa yakidondokea mguuni mwa ukuta mwaka hadi mwaka, yakaula udongo mpaka ukuta wa upande wa ziwa ukalala wote. Zimebaki kuta tatu, mojawapo ina ufa unaopitisha kiganja. Bati zimeshika kutu ila nyingi bado nzima. Sasa hivi bibi na wajukuu wanalala jikoni, kibanda cha miti na udongo kisicho na dirisha, na kuni zinawaka humo humo.

Tumechangishana, tuna milioni tatu na kidogo. Kundi moja la kamati linataka twende wote, karibu watu 40, tukae siku kumi tuimalize. Kundi la pili linasema nauli, chakula na fulana za watu 40 vitakula nusu ya mchango, bora tutume hela kijijini waite fundi, sisi tubaki. Naona pande zote zina ukweli. Lakini yule bibi nimemwona, siwezi kuacha jambo lake lifie kwenye mabishano ya kikao.

Wenye uzoefu: twende wangapi, na mtu asiyejua kushika mwiko atafanya kazi gani pale? Na kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, kuna nini tunatakiwa kujua?

Fundi Igoma

Mdogo wangu, hongereni kwa moyo huo. Mimi ni mwashi, nakujibu kwa upande wa kazi.

Watu 40 kwenye nyumba ya vyumba viwili mtakanyagana tu. Wanane mpaka kumi na wawili wanatosha, na mafundi wawili wa hapo hapo kijijini wanaoujua udongo wao. Siku kumi kumaliza nyumba nzima haiwezekani kama mnataka isimame. Lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, ikishamwagwa inataka kumwagiliwa maji wiki nzima kabla hujaibebesha kenchi, yaani mbao za paa. Ukiiharakisha inapasuka, na mvua za Oktoba zikianza utaitwa tena.

Gaweni safari mara mbili. Kundi la kwanza libomoe, lisombe mawe, lichimbe na kumwaga msingi. Halafu mafundi wabaki wapandishe ukuta taratibu mpaka lenta. Kundi la pili liende wakati wa kupaua, kumwaga jamvi (zege la sakafu) na kupiga plasta. Hivyo wengi wenu mtapata nafasi ya kwenda bila kurundikana, na bibi hatakuwa na watu 40 wa kuwatafutia choo.

Kazi ya mwanafunzi ni saidia fundi, na si kazi ndogo. Kusomba mawe, kuchota maji, kuchekecha mchanga, kukoroga udongo, kusogeza tofali, kumwagilia. Fundi mwenye wasaidizi wanaojituma anakwenda mara mbili ya kasi yake. Ila vijana wa kijiji wanaoishi kwa kazi hiyo msiwafukuze kwa kuwa nyinyi mnafanya bure. Chukueni wawili watatu muwalipe.

Kwa hela yenu sahau block, yaani tofali za saruji. Tofali za kuchoma, ujengee udongo, saruji uiweke kwenye msingi, lenta, jamvi na plasta ya nje sehemu ya chini ambako maji yanaruka. Msingi uwe wa mawe, upande juu ya ardhi kozi tatu au zaidi. Paa litoke nje ya ukuta vya kutosha, hapo ndipo nyumba ya kwanza ilipoponzeka. Na kenchi zifungwe kwa waya uliolazwa ndani ya lenta tangu inamwagwa, maana upepo wa ziwani unang'oa bati kama karatasi.

Udongo wa pale ni wa kichanga au ni mbuga nyeusi? Kama ni mbuga, ile inayopasuka kiangazi na kuvimba masika, msingi lazima ushuke mpaka ardhi ngumu. Hilo lijulikane kabla ya bajeti.

Mzee wa Kirumba

Marahaba wajukuu zangu.

Fundi amesema vizuri, ila mimi naanzia mbali zaidi ya msingi. Kiwanja ni cha nani?

Nimekaa kwenye baraza la kata miaka mingi na kesi hii nimeiona zaidi ya mara moja. Mjane anaishi kwenye nyumba ya udongo, hakuna anayemsemesha. Wafadhili wanakuja, wanamwekea msingi wa mawe na bati mpya. Msimu haujaisha, shemeji anatokea mjini anadai eneo ni la marehemu kaka yake. Nyumba imelipandisha thamani eneo kwa faida ya yule aliyemtupa, na bibi anarudi kwenye kibanda.

Kwa hiyo nendeni kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 bibi anaweza kuombewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayoshughulika nayo. Kama hati itachelewa, pateni angalau muhtasari wa kikao ulioandikwa na kugongwa muhuri, ndugu wa mume wakiwepo na kusaini kwamba eneo ni lake na nyumba ni yake. Wanafunzi wa sheria mnao chuoni, hapo ndipo pa kuwatumia.

Jambo la pili. Umesema kando ya ziwa. Kando kiasi gani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tena tumeona wenyewe, 2020 ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, na 2024 likapanda tena. Chukueni kamba mkapime. Kama nyumba imo ndani ya 60, kuirudisha palepale ni kumtafutia bibi bomoabomoa au mafuriko. Ombeni kijiji kimpatie eneo la juu.

Sato Sangara

Mimi niko na kundi la pili. Tumeni hela. Kila mwaka naona wanafunzi wanakuja visiwani, wanapiga picha na watoto wa watu, wanaondoka. Nauli ya watu wote hao ni bati ngapi?

Binti Nansio

@Sato Sangara nakuelewa, lakini hela inayotumwa bila mtu huwa inayeyuka njiani, na sisemi kwamba ni wizi kila mara. Mawe yanaletwa nusu tripu, saruji inaazimwa kwenda kujenga choo cha shule, hakuna anayeuliza. Wakiwepo watu wawili watatu wa kikundi na daftari la matumizi, kila kitu kinafika. Halafu kijiji kikiona vijana wa chuo wamebeba mawe kichwani, na wao wanatoka. Kwetu Ukerewe nimeona akina mama wakisomba maji bila kuitwa kwa sababu mabinti wa mjini walikuwa wameshaanza.

Fulana futeni kabisa. Wapishi msibebe kutoka Mwanza, mtafuteni mama ntilie wa hapo mumlipe apike ugali na dagaa, hela ibaki kijijini. Na picha: bibi akiwa kwenye kibanda chake na nguo ya kulalia si wa kupostiwa. Muulizeni. Akikataa, amekataa.

Nesi Sengerema

Naongezea la afya, maana hakuna aliyeligusa.

Mtakapomwagilia ukuta maji yatatoka ziwani, na vijana wataingia miguu peku kuchota, jioni wataoga humo humo. Kichocho kipo pwani yote hii. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya ngozi nzima, si lazima uwe na kidonda. Atakayechota avae mabuti ya mpira. Maji ya kuoga yachotwe na kuwekwa kwenye pipa lenye mfuniko yakae siku mbili ndipo yatumike, vijidudu vinakuwa vimekufa. Mkisharudi, wote mliogusa maji mkapime baada ya wiki 6 hadi 8, msiende wiki ileile, kwa sababu dawa yake, praziquantel, haiwamalizi minyoo wakiwa bado wachanga. Maji ya kunywa chemsheni au tieni dawa. Vyandarua kila mtu na chake.

Sanduku la huduma ya kwanza, glavu za kazi na viatu vilivyofunika vidole. Nimeshona vidole vingi vya saidia fundi.

Na siku ya kubomoa zile kuta tatu, wanafunzi wakae mbali. Ukuta wenye ufa wa kuingia kiganja hautoi taarifa. Fundi auangushe kwa kamba kuelekea nje, ndipo mwingie kukusanya.

Mama Kulwa

Mwangaluka wanangu. Mmeongea mengi na mazuri, nami nina neno juu ya lile jiko.

Buchosa ni Uzinza, nchi ya Wazinza, ila Wasukuma tumejaa huko, na mambo ya kwetu nayajua. Bibi anapikia kuni na samadi kavu kwenye kibanda kisicho na dirisha miaka arobaini, macho yanakuwa mekundu. Mnajua nyote nini kimewapata mabibi wa mkoa huu na Shinyanga kwa ajili ya macho hayo. Wamesingiziwa uchawi, wamekatwa mapanga usiku. Leo mnakwenda kumjengea bibi mmoja nyumba nzuri kuliko majirani zake wote. Mmefikiri majirani watasemaje?

Jengeni jiko la pembeni lenye nafasi ya moshi kutoka juu, pande mbili. Hilo ni bei ndogo kuliko chumba cha tatu na litamlinda macho na mapafu, yeye na wajukuu. Mlango wa nyumba uwe wa mbao nzito wenye komeo la ndani, madirisha yawe na nondo. Na kabla ya jiwe la kwanza, mkutano wa kitongoji ufanyike hadharani, ielezwe kwa nini amechaguliwa yeye, nani alichagua, hela imetoka wapi. Kama kuna jirani ambaye paa lake linavuja na mnaweza kumpa bati tatu za zamani zitakazobaki, mpeni. Bibi atabaki na watu hao nyinyi mkiwa mmeshaondoka.

Halafu mbona sijasikia bibi mwenyewe amesema anataka nini?

Katibu wa Nyegezi

Wabeja sana mama, na wote. Nimesoma kila neno na nimeyapeleka kwenye kikao.

Kuhusu swali la Mama Kulwa, mwenzetu wa kijijini amekwenda kukaa na bibi jana. Sisi tulichora vyumba vitatu na sebule. Yeye anataka vyumba viwili, kimoja cha yeye na mjukuu wa kike, kingine cha wavulana. Sebule hana haja nayo, anasema wageni huwaweka chini ya mwembe. Anataka jiko liwe nje lakini mlango wake utazame mlango wa nyumba, ili akiwa anapika awaone watoto. Na anaomba mfereji wa bati pembeni mwa paa uingize maji kwenye pipa, asishuke ziwani usiku. Hayo ndiyo tutakayojenga.

Kamba tumepima. Kona ya nyumba ya zamani iko hatua chache tu nje ya mita 60, kwa hiyo tumeomba tusogee juu, nyuma ya mwembe. Udongo pale ni wa kichanga. Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, yupo Geita, mtendaji amempigia simu, amekubali kuja kwenye kikao. Hatutanunua chochote mpaka asaini. Barua ya utambulisho mshauri wa wanafunzi ameshaiandika kwa mkurugenzi wa halmashauri. Watakwenda kumi kwa kila awamu, fulana zimefutwa, na waliozing'ang'ania wamekubali hela yake iende kwenye mlango na nondo za madirisha.

Limebaki moja. Fundi, saruji na bati za kuongezea tununue Mwanza au Sengerema? Kuna mzazi amejitolea kenta, lori dogo, ya kubeba mzigo kutoka hapa mjini.

Fundi Igoma

Safi sana, hapo mmekaa vizuri.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari halisubiri tena kivuko, kwa hiyo gari la bure mlitumie. Bati, nondo, waya, misumari na bawaba pakieni kutoka Mwanza kwa safari moja. Bati ziwe geji 28, za 30 zinakunjika kwa mkono.

Saruji nunueni Sengerema au Nyehunge kwa awamu, ya msingi kwanza, ya lenta baadaye, ya jamvi na plasta mwisho. Mkiirundika yote kijijini karibu na ziwa itavuta unyevu ishike mabonge kabla hamjaifikia. Ile mnayoweka ipandishwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, ifunikwe turubai. Ukibonyeza mfuko ukakuta pembe ngumu kama jiwe, mrudishie muuzaji palepale.

Nina mwanafunzi wangu wa zamani yuko Nyehunge, anapaua vizuri na habebi chenji ya mtu. Naongea naye leo usiku nikutumie namba yake pembeni.