Kwa nini mgahawa wa "shuddh shakahari" ulitunyima yai?

MwanaTanga: Ndugu wanajukwaa, nipo Delhi namuuguza mama, ambaye tangu utotoni hali nyama wala samaki, ila yai hula. Jana tuliingia katika mgahawa ulioandikwa "shuddh shakahari", nikaagiza chapati na yai la kukaanga. Mhudumu alitikisa kichwa kwa namna ambayo sikujua kama ni ndiyo au hapana, kisha akasema, "Anda nahin," yaani hakuna yai. Je, shakahari si mtu asiyekula nyama? Na nieleze vipi hali ya mama?

Mkalimani_Pune: Pole kwa kuuguza, ndugu. Neno hilo limeundwa na shaka, yaani mboga, na ahar, yaani chakula; kinyume chake ni mansahari, kutokana na mans, yaani nyama. Tafsiri ya "asiyekula nyama" ndiyo iliyokupoteza, kwa sababu neno la Kihindi hutaja kinacholiwa, si kinachoachwa, na kwa wengi huko yai huwekwa upande wa mansahari pamoja na samaki, ilhali maziwa, paneer (jibini ya Kihindi) na samli huhesabiwa shakahari bila ubishi (usiniulize maziwa ni mboga gani). Shuddh ni safi, halisi, kwa hiyo bango lile lilikuwa linatangaza kwamba jikoni humo nyama na mayai haviingii. Mama aseme: "Main maans aur machhli nahin khati, lekin anda khati hun," yaani sili nyama na samaki, lakini yai nala. Mwanamume husema khata, kwa kuwa kitenzi hufuata jinsia, jambo ambalo sisi tuliozoea "sili" ya watu wote hulisahau kila mara.

Bibi_Mapishi: Kwenye pakiti huna haja ya kusoma Kihindi. Mraba wenye duara la kijani ndani yake ni alama ya shakahari. Bidhaa zenye nyama, samaki au yai zilikuwa na duara la kahawia, lakini kanuni za mwaka 2020 zililibadilisha kuwa pembetatu ya kahawia, ili hata asiyetofautisha rangi hizo vizuri aweze kuitambua.

Msafiri_Gujarat: Naongezea kwamba Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini, huacha hata vitunguu, vitunguu saumu na viazi, kwa kuwa vinachimbwa ardhini; ukiona "bina pyaz lahsun", ujue chakula hakina vitunguu vya aina zote mbili. Keema nayo, ndugu wa kima yetu ya sambusa, isikutishe inapoandikwa "soya keema", maana hiyo haina nyama. Kwa upande wako wewe unayekula nyama, ukisikia mutton, mara nyingi ni mbuzi, si kondoo.

MwanaTanga: Ahsanteni sana. Leo asubuhi, kwenye kibanda cha barabarani, niliikariri sentensi ya Mkalimani vilevile ilivyo, na muuzaji akacheka hadi akaweka mwiko chini, kwani nilikuwa nimejisemea kama mwanamke. Hata hivyo alituvurugia mayai mawili kwa vitunguu, nyanya na pilipili, wanayaita anda bhurji, na mama akayamaliza.

Mkalimani_Pune: Kosa ni langu, sikufikiri kwamba wewe ndiye utakayemsemea. Kesho sema: "Meri maan anda khati hain," yaani mama yangu hula yai. Hiyo hain ya mwishoni ni ya heshima, basi usiiache unapomtaja mama.