Tupeane uzoefu: namba kubwa iliyokukaa kichwani

Mwalimu wa Bukavu
Wapenzi wa hesabu, karibuni. Naanza mimi. Nafundisha hapa Bukavu, na darasani huwa naingia na noti ya zamani ya zaire 5,000,000 (zaire ndiyo ilikuwa pesa yetu Kongo wakati ule), ya mwaka 1992, imechakaa pembeni. Naipitisha dawati kwa dawati halafu nauliza: inagawanyika kwa ngapi na ngapi? Tunaivunja mpaka zibaki namba tasa za kuzidishana: 2 zikiwa sita na 5 zikiwa saba, basi. Kila kigawanyo kinachukua 2 kuanzia sifuri hadi sita, njia 7, na 5 kuanzia sifuri hadi saba, njia 8. Saba mara nane, 56. Mwaka jana mtoto mmoja wa dawati la nyuma aliviandika vyote ubaoni peke yake, chaki ikamwishia kwenye 2,500,000, kikiwa kimebaki kimoja tu. Darasa zima lilisimama. Nipeni na zenu.

Binti wa Birere
Mwalimu, noti hiyo naijua kwa uchungu. Papa alikuwa na butiki hapa Goma. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Wangekata sifuri tu, hata mama muuza sambaza angebadilisha bila kalamu. Lakini ile 3! Tarakimu za 5,000,000 ukizijumlisha unapata 5, na 5 haigawanyiki kwa 3, basi noti nayo haigawanyiki. Usiku Papa aliwasha kibatari akagawa kwenye karatasi ya mfuko wa unga: 1.6666, sita juu ya sita mpaka ukingoni. Nikamuuliza, Papa, zinaisha lini? Hakujibu. Kesho yake kila noti aliihesabu zaire moja na makuta 66, yaani senti zetu, makuta 100 kwa zaire (moja yake ni likuta). Theluthi mbili za likuta zilipotea kwa kila noti, na noti zilikuwa maboksi.

Mwalimu wa Bukavu
Pole sana dada. Na ingezidi moja tu, 5,000,001, jumla inakuwa 6 na inakatika sawasawa: 1,666,667 mara tatu.

Mhasibu, Lubumbashi
Mimi yangu ni 300,000,000,000. Mwaka 1998 ilipokuja franka, moja ilichukua zaire mpya 100,000, yaani hizo zote za zamani. Noti 60,000 kama ya mwalimu kwa franka moja! Nilikuwa najifunza kazi, nikazidisha 60,000 kwa 5,000,000, nikaandika 30,000,000,000. Nikafanya jaribio la tisa tulilofundishwa shuleni, unajumlisha tarakimu za kila namba na kulinganisha masalio ya kugawa kwa 9: 6 mara 5 ni 30, inabaki 3, jibu nalo linabaki 3. Nikaamini, nikapeleka. Jaribio la tisa halioni sifuri, jamani, na sifuri moja ilikuwa imeanguka. Mkubwa wangu alinigombeza mbele ya watu. Tangu siku ile nagusa sifuri kwa ncha ya kalamu kwanza: nne za 60,000, sita za 5,000,000, na moja inayozaliwa na 6 mara 5. Kumi na moja.